Kiboko kwa Kijerumani

Kaka yangu alikwenda Ujerumani kabla mimi sijaolewa. Alioa huko huko, Msomali mwenzetu aliyekulia kule tangu utotoni, wakajaliwa binti mmoja. Kwa miaka mingi mtoto huyo tulimjua kwenye simu tu: uso unasogea karibu na kioo, unatabasamu, kisha unakimbia na sauti ya baba yake inabaki ikimwita. Mama yetu alifariki bila kumshika mkono. Baba hakulalamika, lakini kaka alipopiga simu baada ya matanga alimwambia jambo moja tu, kwamba yeye naye hajui ana muda gani. Likizo ya Agosti iliyofuata, kaka akaja Garissa na bintiye.

Msichana alikuwa na miaka tisa. Alishuka garini na begi mgongoni, akatusalimia wote vizuri kama alivyofundishwa, akambusu babu yake mkono. Baba alimwita "awoowe". Mtoto akamtazama kwa mshangao, maana awoowe ni babu, na babu ndiye huyo huyo anayemwita. Ilibidi nimweleze kwamba ndivyo kwetu wazee wanavyodekeza watoto: babu humwita mjukuu babu, na baba humwita mwanawe baba. Akaitikia kwa kichwa. Nadhani hakuamini.

Yaliyosemwa nyumbani mwetu siku hizo yalisemwa kwa Kisomali, ila pale nitakaposema vinginevyo. Mimi nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi, nami ninapoandika huandika kwa lugha ninayoifundisha.

Jambo la kutuharibia lilitokea usiku ule ule wa kufika. Tulipika wali na nyama ya mbuzi, na pembeni tukaweka pilipili ya kusaga, ile tunayoiita bisbaas. Mtoto alikuwa anakula vizuri. Akaangalia kibakuli cha pilipili kilichokuwa mbali naye, akasema kwa adabu kabisa, "Naomba bisad." Bisad ni paka. Binti zangu wawili, wa miaka kumi na mitatu na kumi na mmoja, walicheka mpaka mdogo akapaliwa. Mkubwa akaanza kuita paka chini ya meza. Niliwakemea na kaka naye akawakemea, lakini maji yalikuwa yamemwagika. Msichana aliweka kijiko chini. Tangu hapo hakusema tena neno la Kisomali. Ukimuuliza kama ana njaa, anaitikia kwa kichwa. Ukimuuliza amelalaje, anatabasamu. Na baba yake alizungumza naye Kijerumani, kwa sauti ya chini, kama watu wawili walio ofisini.

Siku chache baadaye kaka alitaka kwenda Elwak kuwasalimia ndugu za mama ambao hawakuweza kuja mazishini. Njia ni ndefu na ya kuchosha, akaona asimsumbue mtoto. Akamwacha kwetu kwa wiki na ushee. Alipoondoka, nilimwona msichana ameketi barazani na kalamu zake za rangi, anachora nyumba zenye mapaa yaliyochongoka, nikajisikia vibaya kama mwenye nyumba aliyeshindwa kumkirimu mgeni.

Baba hakunisemesha kuhusu jambo hilo. Baba alikuwa mchuuzi wa ng'ombe maisha yake yote, na hata uzeeni alikuwa na tabia ya wachuuzi wa mifugo ya kumtazama mnyama muda mrefu kabla ya kutaja bei. Asubuhi alikwenda kwenye shamba lake dogo kando ya Tana, alikopanda ndizi na matikiti, na kabla ya adhuhuri alirudi. Sasa alianza kulala mchana barazani badala ya chumbani. Alitandika mkeka umbali fulani kutoka kwa mjukuu, akalala chali, akafunika uso kwa kofia.

Siku ya pili ya kulala pale, kobe alipita chini ya geti, kama wanavyopita mara kwa mara jirani anapomwagilia maua yake. Baba aliinua kofia.

"Awoowe," alisema, "huyu kwenu anaitwaje?"

Mtoto aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Kisha akasema polepole, "Schildkröte."

Baba akarudia. Alichokisema kilikuwa, "Shilin karoti." Yaani shilingi ya karoti. Aliuliza kwa uso mkavu kabisa kwa nini Wajerumani wamempa kobe bei ya mboga. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni la nguo. Nilimwona msichana akifunga mdomo asicheke, na kicheko kikamtokea puani. Akachukua karatasi akachora ngao. Kando ya ngao akachora chura. Akamwonyesha babu yake ngao, kisha chura, kisha akamwonyesha kobe. Chura mwenye ngao. Baba alichukua ile karatasi, akaitazama, akamtazama kobe aliyekuwa anakwenda zake kwenye kivuli, akasema Wajerumani hawakukosea sana.

Baada ya hapo kila mchana aliomba neno, na kila neno aliliharibu. Msichana akawa anamsubiri. Saa ya baba kurudi kutoka shambani ikikaribia, anatoa mkeka mwenyewe na kuutandika. Hakusema Kisomali bado. Alichora, akaonyesha kwa vidole, akatikisa kichwa kwa nguvu babu alipokosea, na babu alikosea siku zote.

Kisha ikaja asubuhi ya kiboko. Jirani ya shamba letu ni mkulima wa Kipokomo, na ndiye aliyepiga simu kusema kiboko ametoka mtoni usiku na kuingia kwenye migomba michanga. Baba alitaka kwenda mara moja, na mtoto akavaa viatu bila kuulizwa. Nikaona niende nao. Tulipanda tuktuk mpaka mwisho wa barabara, tukatembea kipande kilichobaki.

Migomba ilikuwa imelala chini kama watu waliochoka. Nyayo zilikuwa kubwa, zimejaa maji, na mtoto aliingiza viatu vyake viwili ndani ya unyayo mmoja vikaenea. Jirani na baba walizungumza Kiswahili. Baba ni Msomali wa zamani na p kwake ni b. "Alibita hapa," alisema akionyesha kwa fimbo, "akala, akabumzika, kisha akarudi na barabara yake." Jirani alisema ni dume, yule mwenye kovu, na kwamba sasa amerudi kwenye maji ya kina.

Mtoto alimvuta babu kanzu na kuinua nyusi. Ni nani aliyefanya haya? Baba akafungua mikono yote miwili, akaipanua kama taya, akaifunga kwa kishindo.

"Flusspferd!" mtoto akasema.

Hapa inanipasa nieleze sikio la Kisomali linasikia nini. Fulus tunaijua, ni pesa, kama vile Waswahili wanavyosema fulusi. Na beer kwetu ni shamba, na shamba lile lenyewe ni beerta. Baba alisimama akashika kiuno. "Fulus beert," alisema. Akamgeukia jirani akamwambia kwa Kiswahili kwamba Wajerumani ni watu wenye akili, wanamwita kiboko "besa ya shamba" kwa sababu hicho ndicho anachokula. Jirani alicheka mpaka akaegemea panga lake.

Mtoto aliniangalia mimi. Nikamfafanulia taratibu kwa nini watu wanacheka, na nikamwona amekasirika. Alikuwa mtulivu tangu kufika, sikujua kwamba ana hasira. Alichukua kijiti akachora kwenye tope mistari ya maji yanayokwenda. Kando yake akachora mnyama mwenye shingo ndefu na manyoya ya shingoni. Babu yake akainama akatazama, akasema ni mbuzi.

"Maya, awoowe," mtoto akasema. Hapana, babu. "Waa faras. Faraska webiga." Ni farasi. Farasi wa mto.

Kilikuwa Kisomali cha kwanza kutoka kinywani mwake tangu usiku wa bisad. Baba hakuonyesha kushtuka. Aliuliza, farasi gani asiye na shingo? Mtoto akajibu kwamba si kosa lake, ndivyo lilivyo jina. Baba akasema alishawahi kupanda farasi ujanani na hakuna farasi anayelala majini kutwa. Mtoto akajibu tena, sentensi juu ya sentensi, nyingine zina makosa ya kuchekesha kuliko lile la paka, na baba hakusahihisha hata moja. Aliendelea kubisha tu. Mimi nikafungua mdomo niseme kwamba hata kwa Kiarabu jina ni hilo hilo, maana nilijua baba anasoma Kiarabu vizuri, lakini alinitazama jicho moja nikaufunga.

Jioni, baada ya swala ya alasiri, nilimfuata barazani nikamuuliza kama hajui kiboko kwa Kiarabu.

"Faras an-nahr," alisema. "Nililisoma neno hilo Wajir nikiwa mdogo kuliko yeye."

"Sasa mbona ulibishana naye?"

"Nikikubali atanyamaza." Akajikuna ndevu. "Binti zako walimcheka. Acha na yeye anicheke mimi. Akinicheka vya kutosha atasahau yake."

Kesho yake msichana aliamua kumfundisha babu yake kutamka. Shida ilikuwa ile pf, ambayo nusu yake ya kwanza Kisomali hakina. Alimwambia babu aweke kiganja mbele ya mdomo, asikie upepo. Babu akapuliza, ikatoka b. Binti zangu walikuwa wanatazama dirishani, na kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa la upuuzi mtupu, walishindwa kujizuia wakatoka nje. Wakaweka viganja mbele ya midomo. Mkubwa alitoa sauti ya tairi linalotoboka. Mdogo alikuwa na chai mdomoni na hakukumbuka kuimeza. Msichana wetu wa Ujerumani aliwacheka wote wawili, kicheko kirefu kisichokuwa na huruma hata kidogo, na wao wakacheka pia, na baba akajifanya ameudhika kwamba anachelewa kulala.

Usiku ule niliwasikia watatu hao wakinong'ona kwa muda mrefu. Sikuwakataza.

Kwa vile kazi yangu ni maneno, nililiangalia lile neno kwenye simu nikiwa peke yangu mchana. Nusu ya kwanza haikunipa taabu: Fluss, mto, limetokana na kitenzi cha kutiririka, kwa hiyo ni kitu kinachotiririka. Jina zima pia si uvumbuzi wa Wajerumani. Wagiriki wa kale ndio waliomwita mnyama huyu farasi wa mto, na wengine wakalitafsiri kila mmoja kwa lugha yake, Waarabu na Wajerumani. Kilichonishangaza ni ile nusu ya pili. Pferd, farasi, si neno la asili la Kijerumani. Lilitoka katika Kilatini cha mwishoni, ambako lilikuwa jina la farasi wa akiba wa watu wa posta, yule anayetumika kwenye njia za pembeni, mbali na barabara kuu. Lilipita midomo mingi likichakaa, mpaka likabaki hivyo. Na wapo wasomi wanaosema kwamba neno la Kiarabu la posta, barid, lina ukoo na farasi huyo huyo.

Nilimsomea baba haya yote wakati wa chai ya jioni, watoto wakiwepo. Sikutegemea kama yatamgusa, lakini aliweka kikombe chini. Alisema alipokuwa kijana Banissa, barua zilikuja na madereva wa malori. Dereva anazitoa mfukoni, anaita majina, na aliyeitwa asipojua kusoma anamtafuta baba. Alisoma barua za watu wengi. Nyingine zilikuwa za furaha, na nyingine aliomba asome kesho. Haya sikuwa nimewahi kuyasikia, na mimi ni mwanawe.

Mtoto alitaka kujua, kama kiboko alikuwa farasi wa posta, siku hizi anapeleka barua gani.

"Aliniletea moja juzi," babu akasema. "Imeandikwa: nimekula ndizi zako, zilikuwa nzuri, nitarudi."

Kabla kaka hajarejea tulikwenda tena mtoni, saa ya jua kupungua, kwa sababu mtoto alikuwa hajamwona mwenyewe. Jirani alituweka juu ya ukingo mrefu, nyuma ya miti, akatuonya tusishuke hata hatua moja. Tulikaa kimya. Maji ya Tana yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwanza hakukuwa na kitu, kisha masikio mawili madogo yakatikisika juu ya maji, kisha pua, ikapumua kwa kishindo na kunyunyiza maji. Mtoto alishika kanzu ya babu yake kwa mikono yote miwili. Dume lile liliinua kichwa kizima, likatutazama, au labda lilitazama migomba, likazama tena.

"Subhanallah," baba akasema. Baada ya muda akaongeza, "Nimeona sasa. Usoni ana ufarasi kidogo."

"Hana, awoowe," mtoto akasema. "Ni kama ng'ombe aliyevimba."

Wakabishana njia nzima ya kurudi, kila mmoja sasa upande wa mwenzake. Nilitembea nyuma yao nikiwa nimebeba viatu vya mtoto vilivyojaa tope.

Kaka alirudi kutoka Elwak amechoka, na vumbi la safari limemwingia mpaka kwenye nyusi. Alimkuta bintiye uani anagombana na binti zangu kwa Kisomali juu ya zamu ya kuosha vyombo. Alisimama getini akasikiliza kwanza kabla ya kubisha hodi. Wakati wa chakula baba alianza hadithi ya migomba, akataja fulus beert. Kaka, bila ubaya wowote, akamsahihisha: "Aabo," yaani baba, "ni Flusspferd." Mtoto akageuka akamwambia baba yake maneno machache ya Kijerumani, makali. Kaka akaendelea kula.

Baadaye, tukiwa tunatoa mizigo kwenye gari, nilimuuliza amemwambia nini.

"Amesema neno lile ni la babu, nimwachie," kaka alisema. Alifunga buti la gari, akabaki ameliegemea. "Unajua kwa nini hana Kisomali, ila hicho kidogo alichookota kwa mama yake? Ni mimi. Nilipofika kule walinicheka kazini. Kila nikifungua mdomo, mtu anarudia nilichosema kwa sauti yangu. Miaka. Nikasema wangu hatachekwa. Nikamsemesha lugha yao tangu kuzaliwa, na hicho Kijerumani changu chenyewe kibovu, sasa ananisahihisha yeye."

Nilimshika bega. Kisha nikamweleza jinsi baba alivyokaa na mtoto siku zile, akacheka kidogo, akapangusa uso na kiganja, akasema ni vumbi.

Nilimwambia baba. Sikuombwa nisiseme. Alikuwa anatawadha, akaacha birika.

"Na yeye alichekwa?" aliuliza. "Mbona hakuwahi kuniambia kwenye simu?"

Asubuhi iliyofuata baba alimwambia kaka ampeleke shambani. Wajukuu wote watatu walitaka kwenda, baba akakataa, akasema leo anakwenda na mtoto wake. Walikaa huko mpaka adhuhuri ikapita. Sijui walizungumza nini. Kaka hajaniambia nami sijamuuliza. Nilichokiona ni wanaume wawili wanateremka kwenye tuktuk, kila mmoja ana tikiti kwapani, na baba amemshika kaka mkono, vidole ndani ya vidole, kama wanavyotembea marafiki sokoni kwetu. Kaka ana mvi tayari. Walitembea hivyo mpaka mlangoni.

Tangu waliporudi Ujerumani, kaka anamsemesha bintiye Kisomali nyumbani. Wifi yangu anasema mwanzoni walikuwa kama watu wanaotembea gizani nyumbani mwao wenyewe, wanagonga viti. Sasa msichana ana miaka kumi na miwili. Kisomali chake kina haraka na makosa mengi, na haoni haya nacho. Hapitii tena kwa baba yake. Anampigia babu moja kwa moja, Ijumaa baada ya swala, na kwa kuwa masikio ya baba yamepungua nguvu, wote wawili wanapiga kelele, nami nasikia mabishano yao hata nikiwa jikoni. Wanabishana juu ya mvua, juu ya bei ya mbuzi, juu ya kama mtu anaweza kula wali kwa uma.

Wiki iliyopita walibishana kama ana umri wa kutosha kusafiri peke yake kwa ndege. Yeye alisema anao, babu akasema hana. Simu ilipokatika, baba aliniita akaniomba nimtafute fundi wa vitanda. Kile alicholalia mara ya kwanza ni kifupi, alisema, na kwenye picha ameona mtoto amerefuka. Fundi amesema atakuja Jumamosi kupima chumba.